Kigari cha Kandambili Katika Njia ya Msafara: Somo la Kani na Mwendo

Makala hii imekusudiwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari wanaopenda kuchunguza kani na mwendo kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yao wenyewe. Chombo chetu ni kigari kidogo cha mbao, chenye magurudumu yaliyokatwa katika kandambili chakavu. Mahali petu ni Tabora, kwa kuwa historia ya mji huo ni historia ya mizigo: jinsi ilivyobebwa, ilivyokokotwa, na hatimaye ilivyopakiwa katika mabehewa. Katika historia hiyo limo swali moja la fizikia, ambalo msomaji ataweza kulijibu kwa mikono yake. Je, kani inayohitajika kusogeza mzigo hutegemea nini zaidi: mzigo wenyewe, au kile kilicho chini yake?

MZIGO KICHWANI

Kabla ya reli, njia kuu ya msafara ilianza Bagamoyo na katika bandari nyingine za mrima, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ulipo mji wa Tabora wa leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi ziwani palikuwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Pembe za ndovu ziliteremshwa pwani. Vitambaa, shanga na nyaya zilipandishwa bara. Wabebaji mashuhuri wa mizigo hiyo walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila 2, yaani kilogramu 30 na zaidi kidogo, mbali na chungu chake, mkeka wake na chakula chake. Msafara wa Burton na Speke, ulioondoka pwani mwezi Juni 1857, haukufika Tabora, mahali walipopaita Kazeh, mpaka Novemba ya mwaka ule ule.

Wako wanaodhani kwamba mizigo ilibebwa vichwani kwa sababu gurudumu halikujulikana. La hasha. Gurudumu lilijaribiwa. Mwaka 1876 Roger Price, wa Chama cha Misioni cha London, alikwenda na ng'ombe wachache kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaamini kuwa magari ya kukokotwa na maksai yangeweza kupita. Msafara wenyewe ulipoondoka mwaka 1877, maksai walikufa kwa wingi, magari yakaachwa, na mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Sababu ya vifo vya namna ile ilikuja kufahamika vizuri baadaye: mwaka 1895 David Bruce, akifanya utafiti huko Zululand, alionyesha kuwa nagana husababishwa na vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o.

Lakini mbung'o si jibu lote. Mwaka 1882 Edward Hore, baharia wa chama hicho hicho, alitoka pwani na mashua ya chuma iliyogawanywa vipande vipande. Vipande hivyo viliwekwa juu ya magari madogo na kukokotwa kwa nguvu za watu, vikafika Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1883. Basi gurudumu liliweza kufika, ila kwa jasho jingi. Njia ya msafara ilikuwa njia ya mguu, nyembamba, yenye visiki, makorongo, mchanga mlegevu, na mbuga za udongo mweusi ambazo masika huwa tope tupu. Mguu wa binadamu hukanyaga mahali unapopachagua, gurudumu halichagui. Hapo ndipo fizikia inapoanza.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Ubao wa urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 15, uliopigwa randa.
2. Ubao wa pili wa ukubwa ule ule, ambao hautatiwa magurudumu. Tutauita ubao wa kuburura.
3. Kandambili mbili chakavu kwa ajili ya magurudumu.
4. Njiti mbili nene za gurudumu la baiskeli, ziwe ekseli.
5. Mabomba mawili ya plastiki ya kalamu zilizokwisha wino.
6. Uzi imara usiovutika, mita 2.
7. Kigurudumu tupu cha uzi wa cherehani na msumari, viwe kapi.
8. Kopo dogo jepesi lenye kishikio cha waya.
9. Chupa nne za plastiki za nusu lita.
10. Ubao mrefu wa mita 2, mchanga mkavu, na kipande cha gunia.
11. Rula au futi ya fundi, na mizani ya maabara. Pasipo mizani ya maabara, ya dukani yatosha.

Msomaji akumbuke kuwa lita moja ya maji ina tungamo la kilogramu 1, na kila mililita ni gramu 1. Kwa hiyo chupa ya nusu lita ikijazwa maji ni jiwe la mizani la gramu 500, mbali na uzito mdogo wa chupa yenyewe.

KUUNDA KIGARI

Kata katika kandambili magurudumu manne ya duara yenye kipenyo cha sentimita 6. Tumia mdomo wa kopo kuchorea ili yawe duara kamili, kwani gurudumu lenye pembe hupanda na kushuka, na kila kupanda hutaka kani. Toboa kila gurudumu katikati kabisa kwa msumari ulio mwembamba kuliko njiti, ili lishike kwa nguvu na lizunguke pamoja na ekseli.

Kata bomba la kalamu liwe na urefu sawa na upana wa ubao. Lifunge chini ya ubao, karibu na ncha ya mbele, kwa waya au kwa vipande vya mpira wa tyubu. Fanya vivyo hivyo kwa bomba la pili upande wa nyuma. Mabomba haya mawili lazima yawe sambamba. Yakienda mshazari, kigari kitakwenda upande na majaribio yote yataharibika. Pitisha njiti ndani ya kila bomba, kisha tia magurudumu, ukiacha nafasi ndogo ili yasisugue ubao. Pigilia msumari mdogo mbele ya ubao, nao utashika uzi.

Mwisho, paka njiti nta ya nyuki kidogo. Tabora ni nchi ya asali, na nta haikosekani. Lakini fanya kwanza jaribio moja bila nta, ili uone tofauti.

JARIBIO LA KWANZA: KUBURURA NA KUVIRINGISHA

Kani ni msukumo au mvuto unaoweza kubadilisha mwendo wa kitu. Hupimwa kwa nyutoni. Dunia huvuta kila kilogramu moja kwa kani ya nyutoni 10 hivi, na mvuto huo ndio tunaouita uzito. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo katika kitu; uzito ni kani inayokivuta kuelekea chini. Kilogramu 2 za mchanga zina uzito wa nyutoni 20.

Weka ubao mrefu juu ya meza iliyo sawasawa. Funga kapi ukingoni mwa meza, pitisha uzi juu yake, na ning'iniza kopo. Ncha ya pili ya uzi ifungwe kwenye ubao wa kuburura, uliobebeshwa chupa mbili za maji. Tia mchanga ndani ya kopo kidogo kidogo, na kila mara uguse ubao polepole kwa kidole. Mwishowe ubao, ukiisha kuguswa, utaendelea kwenda kwa mwendo usiobadilika. Pima kopo pamoja na mchanga wake. Uzito huo ndio kani inayotosha kushinda msuguano.

Sasa rudia jaribio kwa kutumia kigari chenye magurudumu, kikiwa na chupa zile zile. Mwanafunzi atashangaa kuona jinsi mchanga unaohitajika ulivyo mchache. Ili kulinganisha, gawanya kani ya kuvuta kwa uzito wa kinachovutwa. Jibu tuliite uwiano wa ukinzani. Ubao unapoburutwa juu ya ubao, uwiano huu kwa kawaida huwa kati ya 0.25 na 0.5. Kwa kigari kilichoundwa vizuri unaweza kushuka chini ya 0.05.

Ongeza chupa mbili nyingine, upime tena. Kani ya kuvuta itaongezeka, lakini uwiano utabaki karibu pale pale. Hili ni jambo kubwa: mzigo ukizidi maradufu, msuguano nao huzidi maradufu, lakini uwiano hautegemei mzigo. Hutegemea kile kilicho kati ya mzigo na ardhi.

Kwa nini gurudumu husaidia? Ubao unapoburutwa, uso mzima husugua uso mwingine kwa urefu wote wa safari. Gurudumu halisugui njia. Huikanyaga na kuiacha. Msuguano umehamishiwa kwenye ekseli, na huko una mambo mawili yanayoupunguza. Kwanza, twaweza kuulainisha kwa nta au grisi. Pili, ekseli ni nyembamba. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 6 likizunguka mara moja, kigari husonga mbele kiasi cha sentimita 19, ambapo uso wa njiti nene ya milimita 3 husugua bomba kwa urefu usiofika hata sentimita 1. Kadiri gurudumu linavyokuwa kubwa kuliko ekseli yake, ndivyo msuguano wa ekseli unavyopungua nguvu.

JARIBIO LA PILI: NJIA YENYEWE

Usibadilishe kigari wala mzigo. Badilisha njia. Pima kwanza kwenye ubao mtupu. Kisha tandika gunia, upime. Kisha mwaga mchanga mkavu wenye kina cha sentimita 2, upime tena. Mwisho, nyunyiza maji kidogo juu ya mchanga huo, uushindilie kwa tofali, upime kwa mara ya nne. Andika matokeo katika jedwali lenye safu tatu: aina ya njia, kani ya kuvuta, na uwiano wa ukinzani.

Katika mchanga mlegevu magurudumu yatazama. Tazama kwa makini mbele ya gurudumu: kuna kilima kidogo cha mchanga ambacho gurudumu linajaribu kukipanda, na kila linapokipanda, kingine kinajengeka. Gari lililo katika mchanga hupanda mlima usiokwisha, ijapokuwa nchi ni tambarare. Huenda ubao wa kuburura, ambao hauzami, ukashindana na kigari kwa karibu sana.

Zifuatazo ni kadiri za uwiano wa ukinzani ambazo wahandisi huzitumia, pamoja na kani inayohitajika kuvuta mzigo wa mpagazi mmoja, yaani kilogramu 30 zenye uzito wa nyutoni 300:

Kuburura ubao juu ya ubao: 0.4, kani ya nyutoni 120.
Gurudumu katika mchanga mlegevu: 0.25, kani ya nyutoni 75.
Gurudumu katika barabara ya udongo mgumu: 0.05, kani ya nyutoni 15.
Gurudumu la mpira katika lami: 0.015, kani ya nyutoni 4.5.
Gurudumu la chuma juu ya reli: 0.002, kani ya nyutoni 0.6.

Msomaji aitazame safu ya mwisho. Nyutoni 0.6 ni uzito wa gramu 60, yaani yai moja la kuku. Mzigo ule ule uliomwinamisha mpagazi, ukiwa juu ya reli iliyo sawa na ukiisha kuanza kwenda, ungevutwa na yai lililoning'inizwa kwa uzi. Mzigo haukubadilika. Kilichobadilika ni njia.

JARIBIO LA TATU: MTELEMKO

Ondoa uzi. Weka kigari juu ya ubao wa mita 2, kisha inua ncha moja ya ubao polepole kwa kuweka daftari moja baada ya jingine, huku ukikigusa kigari kwa kidole kila mara. Kikianza kutelemka kwa mwendo usiobadilika, pima kimo cha ncha iliyoinuliwa. Gawanya kimo hicho kwa urefu wa ubao. Kwa mitelemko midogo, jibu ni uwiano ule ule wa ukinzani ulioupata kwa kopo na kapi. Ikiwa kimo ni sentimita 5.2 na ubao ni sentimita 200, uwiano ni 0.026.

Njia mbili tofauti zinapoleta jibu moja, mtafiti hupata imani na kipimo chake. Zikileta majibu yaliyoachana mno, asichague lile analolipenda, bali atafute sababu. Pengine kapi linakwama, pengine meza imeinama. Kumfundisha mwanafunzi kutafuta sababu hiyo ni kumfundisha sayansi yenyewe.

Jaribio hili laonyesha pia kuwa mwinuko mdogo una gharama kubwa. Mwinuko wa mita 1 katika kila mita 50 huongeza kani iliyo sawa na sehemu moja ya hamsini ya uzito, yaani 0.02. Kwa gari la barabara ya udongo nyongeza hiyo si kubwa sana. Kwa behewa lililo juu ya reli ni mara kumi ya ukinzani wote wa tambarare. Ndiyo maana wajenzi wa reli hukata vilima, hujaza mabonde na huzungusha njia, hata pale ambapo mtu wa miguu angekata moja kwa moja.

JARIBIO LA NNE: KANI HUZAA MCHAPUKO

Mpaka hapa tumetafuta kani inayotosha kudumisha mwendo tu. Je, tukizidisha kani hiyo? Kigari hakitakwenda kwa mwendo mmoja. Kasi yake itaongezeka kadiri kinavyoendelea. Kiasi ambacho kasi huongezeka katika kila sekunde huitwa mchapuko. Isaac Newton, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1687, alieleza uhusiano ambao leo twauandika hivi:

Kani iliyobaki = tungamo × mchapuko

Kani iliyobaki ni kani ya kuvuta baada ya kutoa msuguano. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Hudhani kwamba kitu kikienda kwa kasi isiyobadilika lazima pawe na kani iliyobaki inayokisukuma. Sivyo. Katika jaribio la kwanza kani ya kopo ililingana na msuguano, kani iliyobaki ikawa sifuri, na kigari kikaenda kwa kasi moja.

Pasipo saa ya kupimia sekunde, tumia pendulamu, yaani jiwe dogo lililofungwa kwenye uzi na kuachwa libembee. Urefu kutoka mahali ulipofungwa uzi hadi katikati ya jiwe ukiwa sentimita 25, kila mbembeo wa kwenda huchukua nusu sekunde, na wa kurudi nusu sekunde. Mwanafunzi mmoja ahesabu kwa sauti, mwingine aachie kigari, wa tatu atazame alama ya mwisho. Rudieni mara tano, mchukue wastani.

Tuchukue mfano. Kigari pamoja na chupa zake kina tungamo la gramu 1,890. Kopo na mchanga wake ni gramu 110, hivyo tungamo lote linalosogea ni kilogramu 2. Kigari kinaachiwa kikiwa kimesimama, nacho kinakwenda sentimita 60 kwa sekunde 2. Mchapuko hupatikana kwa kuzidisha umbali mara mbili, kisha kugawanya kwa muda uliozidishwa kwa wenyewe:

Mchapuko = (2 × 0.6) ÷ (2 × 2) = mita 0.3 kwa sekunde kwa sekunde.
Kani iliyobaki = 2 × 0.3 = nyutoni 0.6.
Kani ya kopo = 0.11 × 10 = nyutoni 1.1.
Msuguano = 1.1 − 0.6 = nyutoni 0.5.
Uwiano wa ukinzani = 0.5 ÷ 18.9 = 0.026 hivi.

Hii ni njia ya tatu ya kuupata uwiano ule ule. Mwalimu awaachie wanafunzi wagundue wenyewe kuwa njia zote tatu zinakutana.

JARIBIO LA TANO: KITU KISICHOTAKA KUBADILIKA

Weka jiwe laini juu ya kigari bila kulifunga. Sukuma kigari kikagonge tofali. Kigari husimama, jiwe hurukia mbele. Hakuna aliyelisukuma jiwe. Limeendelea tu na mwendo liliokuwa nao. Tabia hii ya kitu kukataa mabadiliko ya mwendo huitwa inesha, nayo huzidi kadiri tungamo linavyozidi. Abiria aliyesimama nyuma ya lori hurushwa mbele dereva anapokanyaga breki, kwa sababu hiyo hiyo.

Inesha hudai heshima hasa pale msuguano ulipo mdogo. Behewa la reli lenye tani 30 pamoja na shehena yake lina uzito wa nyutoni 300,000. Likiwa katika reli iliyo sawa, na likiisha kuanza kwenda, nyutoni 600 hutosha kulidumisha. Kani hiyo yaweza kutolewa na watu wachache wenye nguvu wakisukuma kwa mabega. Lakini watu hao hao hawataweza kulisimamisha kwa ghafla. Kinachorahisisha kwenda hakirahisishi kusimama.

HESABU YA MSAFARA NA YA RELI

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa tani 30 ungehitaji wapagazi 1,000, kila mmoja na kilogramu zake 30. Hapa ndipo msomaji anapoona maana ya 0.002.

Pana jambo moja ambalo mara nyingi huwatatiza wanafunzi. Katika fizikia, kazi ni kani ikizidishwa kwa umbali ambao kitu kimekwenda kuelekea upande wa kani hiyo. Mpagazi anayetembea tambarare huusukuma mzigo juu, lakini mzigo unakwenda mbele. Kwa hesabu hiyo, ukiacha kupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, kazi aliyoufanyia mzigo ni karibu na sifuri. Je, hakuchoka? Alichoka sana. Misuli inayoshikilia uzito hutumia nishati ya chakula hata pale mzigo usipoinuliwa, na nishati hiyo hugeuka joto. Ufafanuzi wa kazi katika fizikia hupima kile kilichoufikia mzigo, wala si kile alichokitoa mtu. Gurudumu, pamoja na njia nzuri, hukaribisha vitu hivi viwili.

Tukumbuke vilevile anayekokota. Mtu hawezi kuvuta gari mbele bila kuisukuma ardhi nyuma kwa miguu yake, na ardhi humrudishia kani iliyo sawa na ile aliyoitoa. Katika mchanga mlegevu ardhi huteleza chini ya mguu. Mchanga, basi, humpiga mkokotaji mara mbili: magurudumu huzama na nyayo hukosa pa kujishikiza.

KUTOKA KIGARI HADI MKOKOTENI

Elimu hii haifai kubaki mezani. Katika shule na vijiji vingi maji hubebwa kichwani, na wabebaji zaidi ni wasichana na wanawake. Ndoo ya lita 20 ni kilogramu 20, theluthi mbili ya mzigo wa mpagazi. Tuseme shule inataka kuunda mkokoteni wa kubeba ndoo tano. Maji ni kilogramu 100. Mkokoteni wenyewe, tuseme, ni kilogramu 40. Uzito wote ni nyutoni 1,400.

Katika njia ya udongo mgumu, kani inayohitajika ni 1,400 × 0.05, yaani nyutoni 70, sawa na uzito wa kilogramu 7. Mwanafunzi mmoja ataweza. Katika mchanga mlegevu ni 1,400 × 0.25, yaani nyutoni 350, sawa na uzito wa kilogramu 35. Huyo huyo hataweza, na mkokoteni utaachwa nyuma ya bweni kama magari ya mwaka 1877 yalivyoachwa njiani.

Kwa hiyo shule inayotaka mkokoteni yafaa ianze kwa kuipima njia. Wanafunzi watembee kutoka kisimani hadi jikoni, waandike mahali penye mchanga, mahali penye mwinuko, na mahali maji ya mvua yanapokata. Kisha washindilie changarawe pale penye mchanga, na wapindishe njia pale penye mwinuko mkali. Baada ya hapo wachague magurudumu makubwa na mapana, yasiyozama upesi, na wayatie grisi mara kwa mara. Hayo yote wameyapima tayari kwa kigari cha kandambili.

Wapagazi wa Unyamwezi hawakulikataa gurudumu kwa ujinga. Katika njia yao, na pamoja na mbung'o wao, kichwa na bega vilikuwa jibu lililo bora. Njia ilipobadilika, jibu nalo likabadilika.

MASWALI NA MAZOEZI

1. Pima uwiano wa ukinzani wa kigari chako kabla na baada ya kupaka nta. Ni sehemu gani ya ukinzani iliyoondoka? Sehemu iliyobaki inatoka wapi?
2. Kata magurudumu mengine yenye kipenyo cha sentimita 10. Linganisha na yale ya sentimita 6, kwanza juu ya ubao mtupu, kisha katika mchanga. Je, faida ni sawa katika njia zote mbili?
3. Kopo la gramu 110 lilikipa kigari mchapuko wa mita 0.3 kwa sekunde kwa sekunde. Tungamo la kigari likizidishwa maradufu, kopo lazima liwe na gramu ngapi ili mchapuko usibadilike? Kokotoa kwanza, kisha pima.
4. Lori lililobeba magunia yasiyofungwa limesimama ghafla. Eleza kwa kutumia inesha mahali magunia yatakapoelekea, na kwa nini yafungwe.
5. Chagua njia moja ambayo watu wa mahali pako hupitisha mizigo. Kadiria uwiano wa ukinzani wa kila sehemu yake, uchore ramani, na upendekeze sehemu ya kutengenezwa kwanza. Toa sababu kwa hesabu.